Elekeza Dishi Manyoni

Mtaa wowote wa Mpanda, uwe Makanyagio, Kashaulili au Nsemulwa, hakosekani fundi dishi anayeanza kazi kwa kutazama mbingu na kuimaliza kwa kutazama mfuko wako. Atapanda juu ya bati, atazungusha dishi huku na huko, atampigia simu mwenzake wa Sumbawanga, na magharibi ikiingia atakuachia picha safi pamoja na deni. Upepo wa kwanza ukipita, picha inaondoka, naye anarudi kutazama mbingu. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kufanya kazi hiyo kwa mikono yako. Fundi akija, aje kama mgeni na umpe chai.

Tuanze na yatakayokuvunja moyo, ili yaishe mapema. Simba na Yanga hutawapata. Haki za kuonyesha Ligi Kuu zilinunuliwa na Azam Media mwaka 2021 kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na aliyetoa pesa hiyo hawezi kurusha mechi bila kufuli. Kijana anayekunong'oneza stendi kwamba ana kodi za kufungulia kila kitu anauza mali ya wizi, na kodi zenyewe zitakufa wiki ya dabi. Usimpe ngazi yako. Siku ya mechi nenda kibanda umiza, lipa kiingilio, piga kelele na wenzako, urudi nyumbani.

Unachokitafuta angani ni chaneli zisizofungwa. Mrushaji amezituma wazi, mwenye dishi na risiva anazipokea, na hakuna kifurushi kinachokwisha usiku wa tarehe 30. Zipo chaneli za habari za dunia kama Al Jazeera, DW, France 24 na NHK World, ambazo hurushwa wazi kwenye satelaiti mbalimbali. Zipo za muziki, za watoto, za redio tupu. Na zipo za dini, nyingi mno. Kwenye baadhi ya satelaiti utapita mahubiri hadi kidole kichoke ndipo ukutane na taarifa ya habari. Jiandae, na mwandae pia jirani, maana sauti huvuka ukuta.

Wanaotegemea king'amuzi cha kulipia wana kumbukumbu yao. Agosti 2018 chaneli za ndani zilizozoeleka kuonekana bure, ITV na Channel Ten zikiwemo, ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia, kwa kuwa leseni za ving'amuzi hivyo hazikuruhusu kuzibeba. Mtu alilala anazo, akaamka hana. Mwenye dishi la wazi aliyejua mahali pengine pa kutafutia alikuwa na pa kukimbilia. Hiyo ndiyo faida ya kujua mwenyewe dishi lako linatazama wapi.

Na kwetu mkoani Katavi jambo hili lina uzito wake. Mpanda ni mwisho wa reli. Tawi linalotoka Kaliua lilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, na tangu hapo tumezoea kupokea vitu vikiwa vimeshapita kwa wenzetu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, bara ikasubiri hadi 1994. Mitambo ya kidijitali ya ardhini, iliyochukua nafasi ya analojia kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, hurusha kutoka kwenye mnara, na mnara una kikomo chake. Mtu wa Inyonga, zaidi ya kilometa 100 kutoka mjini na msitu mtupu katikati, au wa Mishamo au Karema, hawezi kutegemea mnara wa mjini. Satelaiti haina mwisho wa reli. Ipo kilometa 35,786 juu ya ikweta, inazunguka kwa mwendo ule ule wa dunia, na mawimbi yake yanagusa bati la Inyonga sekunde ile ile yanapogusa ghorofa la Posta, Dar es Salaam. Kupanga foleni ya fundi ili kupokea kitu kilichokwisha kukufikia hadi uani ni jambo la kusikitisha, na ndiyo sababu naandika haya kwa hasira kidogo.

Sasa vifaa. Chunguza kwanza nyuma ya nyumba. Lipo dishi la sentimita 80 au 90 lililobaki pale kifurushi kilipokwisha, na mama analianikia dagaa. Liombe kwa heshima. Kama halijapinda, linafaa kwa mawimbi ya Ku. Ukitaka mawimbi ya C utahitaji dishi kubwa, futi sita kwenda juu, ambalo ni ghali na linasumbua kubeba kwenye bodaboda, lakini mvua hailitishi. Nunua risiva ya bure isiyo na kadi, na kama unatumia sola chagua inayokubali volti 12 moja kwa moja, usipoteze umeme kwenye inveta. Waya uwe RG6 wenye shaba ya kutosha. Waya wa bei ya huruma utakufanya uamini satelaiti imeanguka.

Chimba shimo, simika bomba la chuma kwa zege. Mti usitumie, hata mninga ukiwa umepewa bure, kwa sababu mchwa wa Katavi hawaheshimu televisheni. Weka pima maji ubavuni mwa bomba, pande mbili, kisha rudia. Bomba likiinama kidogo tu, vipimo vyote utakavyopiga baadaye ni uongo, nawe utalaumu uchawi.

Hapa ndipo tunapofika penyewe: dishi litazame wapi? Tembea mjini uangalie. Madishi mengi ya king'amuzi cha Azam yanatazama magharibi, kwenye satelaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, na ukipiga mstari kutoka Mpanda kufuata uelekeo huo unavuka Ziwa Tanganyika na kutua karibu na Kalemie, Kongo. Wewe utageuka. Intelsat 20, iliyorushwa Agosti 2012 na kukaa nyuzi 68.5 mashariki, ina mawimbi ya C na ya Ku yanayoelekezwa Afrika na chaneli nyingi zisizofungwa. Kutoka Mpanda ipo uelekeo wa nyuzi 82 za dira, yaani mashariki ukipandisha kaskazini kidogo. Kwa lugha ya msafiri, elekeza dishi Manyoni. Jirani atakwambia limegeuzwa na upepo. Mshukuru, endelea.

Tumia dira ya simu, lakini simama mbali na bati, nondo na pikipiki, maana chuma huidanganya. Kimo cha satelaiti hiyo kwa Mpanda ni nyuzi 46 kutoka usawa wa ardhi, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Dishi dogo ambalo kichwa chake kimewekwa upande wa chini halitazami pale uso wake unapoelekea. Linatazama juu zaidi, kwa nyuzi 20 na kitu, kama mzee anayekuangalia juu ya miwani. Kwa hiyo likiwa sawasawa utaliona limesimama karibu wima, na utaapa kwamba linatazama ukuta wa jirani. Liache. Fuata namba zilizochongwa kwenye kibano cha nyuma, ambazo zimeshahesabu tofauti hiyo. Kama zimefutika, chukua kipima pembe kwenye mkebe wa mwanafunzi, funga uzi na kijiwe katikati, upime mwenyewe.

Mwembe je? Kwa kimo cha nyuzi 46, mti ulio upande wa Manyoni unatakiwa uwe mbali na dishi kwa kipimo cha urefu wake au zaidi. Kuna njia nyingine nzuri isiyogharimu chochote. Kati ya tarehe 20 na 25 Machi, na tena kati ya 18 na 22 Septemba, mnamo saa nne asubuhi jua linapita nyuma ya satelaiti hiyo hiyo. Simama unapotaka kusimika bomba. Ukipigwa na jua usoni saa hiyo, njia ni nyeupe. Ukiwa kivulini, mwembe umekujibu. Siku hizo hizo picha inaweza kukatika kwa dakika chache kwa sababu jua linamwaga kelele zake ndani ya dishi. Usiguse nati hata moja. Jua likisogea, picha itarudi.

Kwenye menyu ya risiva chagua aina ya LNB, yaani kile kichwa cha dishi, kabla ya kupanda popote. Ku ya kawaida ni 9750/10600. Ya C ni 5150. Ukikosea hapo utazungusha dishi hadi Krismasi. Kisha fungua ukurasa wenye mistari miwili, nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi, na uchukue karatasi uufunike ule wa nguvu. Namaanisha uufunike kabisa. Mstari wa nguvu unapanda hata dishi likiangalia kuku, kwa sababu unaonyesha tu kwamba waya umeungwa na LNB inapumua. Ubora ndio unaosema kuwa umeshika satelaiti na masafa uliyoyaandika.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili, na inaweza kuvunja nyumba. Baba yupo nje ameshika dishi, mtoto yupo ndani mbele ya televisheni.

"Imekuja?"

"Bado, baba!"

"Sasa?"

"Imekuja! Imeondoka!"

"Kiasi gani?"

"Kiasi!"

Mtoto asilaumiwe. Mfundishe kabla: asome namba ya ubora tu, kwa sauti, mfululizo, bila maoni. "Sifuri, sifuri, kumi na mbili, arobaini." Na wewe uliyeshika dishi sogeza kwa unene wa kucha, halafu hesabu hadi tano, kwa sababu risiva inachelewa kutambua. Kosa la nyuzi moja hapa uani ni zaidi ya kilometa 600 kule juu. Wanaozungusha haraka wanaipita satelaiti mara kumi bila kuiona, kisha wanatangaza kwamba Mpanda haina mawimbi.

Ukipata hata namba ndogo, kaza nati nusu, kisha geukia LNB. Vitabu vingi vya maelekezo vimeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, ambako kichwa huzungushwa kidogo tu kwenye kishikio chake. Sisi tupo nyuzi sita na ushei kusini mwa ikweta, na satelaiti iliyo mashariki au magharibi kabisa hutulazimisha kukizungusha karibu robo ya duara. Zungusha polepole huku mtoto akisoma, simama palipo na namba kubwa, ndipo ukaze kila kitu. Wengi wamekubali picha inayoganda vipandevipande kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba kichwa nacho kinazungushwa.

Kisha piga sachi. Masafa na orodha za chaneli hubadilika, kwa hiyo zitazame kwenye tovuti ya LyngSat siku unapofunga, sio kwenye karatasi aliyokuachia shemeji mwaka juzi. Anzisha daftari la dishi: tarehe, satelaiti, masafa, ubora uliopata. Chora kwa rangi ya kucha alama mbili, moja kwenye bomba na nyingine kwenye kibano, zikutane. Upepo ukilisukuma dishi, utalirudisha kwa kulinganisha alama.

Mvua za Novemba hadi Aprili zitakusumbua. Wingu zito likifunga upande wa mashariki, picha ya Ku itakatika na kurudi, na dawa yake ni kusubiri. Maji kuingia kwenye waya ni kosa lako. Pindisha waya ushuke chini ya koneta kabla haujapanda kuingia ndani, ili maji yadondokee hapo, na koneta uifunge kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Radi usifanye nayo mchezo. Mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na mawingu hayo hayaombi viza. Ikianza kunguruma, chomoa umeme na waya wa dishi, hata kama tamthilia imefika penyewe.

Wapo pia nyigu. Mdomo wa LNB ukipasuka kifuniko, nyigu wa udongo huingia na kujenga, na ubora unashuka kidogo kidogo hadi unaisha. Watu wamenunua risiva mpya kwa sababu ya kiota cha ukubwa wa kidole gumba. Kila baada ya msimu wa mvua panda na kitambaa, futa mdomo huo, badilisha kifuniko kilichopasuka. Lakini kwanza gonga bomba, usubiri, usikilize. Katavi ni nchi ya asali, na wanaopenda kukaa kwenye matundu huku kwetu sio nyigu peke yao.

Ubora ukisimama vizuri kwa wiki nzima, chukua daftari uende kwa jirani yule aliyesema dishi lako limegeuzwa na upepo. Lake nalo limelala nyuma ya nyumba. Beba pima maji, na umwachie mwanao akafundishe mtoto wa pale kusoma namba.