Mama Mkwe Haombi Kuchimba Dawa

Mtu wa Tanga haombi maji. Husema tu kwamba leo kuna joto. Mama mkwe wangu ni wa Tanga, na hilo nalijua tangu siku za posa. Nisilolijua ni kwamba kanuni hiyo huvuka bahari na kufanya kazi hadi Kansas.

Alikuja kututembelea Houston, tukaamua kumpeleka Minneapolis kwa mwanawe mkubwa. Ramani ya simu ilisema saa 18 za barabarani. Tuliondoka saa 10 alfajiri: mimi dereva, mke wangu konda, mama na mjukuu wake wa miaka sita nyuma. Nikatangaza kwamba gari hili halisimami ovyo. Kufika Dallas, konda alikuwa anakoroma.

Saa 3 asubuhi bado tulikuwa Texas. "Baba," mama akasema, "tangu alfajiri ni mkoa huuhuu tu?"

Nikamweleza kwa fahari: Houston hadi mpaka wa Oklahoma ni kama kilomita 500, mbali kuliko Dar na Dodoma. Akashukuru.

Oklahoma akauliza kama gari nalo huwa halichoki. Nikamtoa wasiwasi, oili nimebadilisha juzi tu.

Tulipofika Flint Hills, Kansas, akatazama nje muda mrefu. "Mbona nchi hii haina hata kichaka?"

Hapo ndipo niliponoga. Nikamwambia ardhi ile imejaa gumegume chini ya udongo mwembamba, plau za walowezi zikashindwa, ndiyo maana nyasi ndefu za asili zimebaki, na mwaka 1996 ikatengwa hifadhi yake. Nilikuwa naingia kwenye habari za nyati, sauti ndogo ikatoka nyuma:

"Baba, bibi anataka kuchimba dawa. Aliniambia tangu Oklahoma nisikwambie."

Konda akaamka.

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawazungumzi mambo hayo hata kwa barua. Na barabara ile ni ya kulipia, hutoki unapotaka. Kituo cha mapumziko tulikuwa tumekipita punde, mimi nikiwa kwenye gumegume. Pa kutokea palipofuata ni Emporia, karibu maili 30. Mke wangu akafunga chupa yake ya maji polepole, isitoe sauti. Mimi nikaendesha kama niliyebeba trei za mayai. Hakuna aliyesema neno.

Emporia, gari halijatulia vizuri, mama alikuwa ameshaushika mlango wa choo.

Jioni tukavuka kuingia Missouri. "Baba," akasema, "si tumeshatoka Kansas? Mbona vibao bado vinasema Kansas City?"

Sikungoja. Nikakata kona, nikaingia kituo cha mafuta cha kwanza, nikashuka mbio kumfungulia mlango. Hakutikisika.

"Mbona tumesimama?" akashangaa. "Mimi nimeuliza tu."

Kumbe safari hii lilikuwa swali! Basi nikamweleza, injini imezimwa: majiji ya jina hilo ni mawili, moja la Kansas na jingine la Missouri, na yamepakana.

Msomaji, ukimbeba mama mkwe safari ndefu naye akakuuliza jambo, lolote lile, simamisha gari kwanza. Jiografia itasubiri.