Mwongozo wa Kununa Bendi Yako Ikibadili Mtindo

Watu wengi hununa ovyo. Bendi waliyoipenda tangu ujana inaleta kinanda, mpiga saksafoni anaachishwa kazi, mwimbaji anafupisha mashairi na kurefusha kelele, nao wanajifungia ndani kulalamika na mto. Hasira ya namna hiyo ni hasara tupu, maana hakuna anayeisikia. Mwongozo huu umetayarishwa kwa ajili ya wapenzi wa muziki wa Mikumi, Kidodi, Ruaha na kule juu milimani Vidunda, ambako wimbo mpya huchelewa kupanda lakini maoni juu yake hufika jana yake.

Anza kwa kuchagua mwaka. Shabiki aliyenuna haheshimiki kijiweni kama hana mwaka ambao muziki "ulikufa". Kuupata si kazi: ni mwaka wowote uliokukuta ukiwa na umri kati ya miaka 16 na 22, una nguvu za kucheza hadi alfajiri na huna wa kumlipia ada ya shule. Kama ulizaliwa 1955, muziki ulikufa 1973, Mbaraka Mwinshehe alipoihama Morogoro Jazz akaenda kuunda Super Volcano. Kama ulizaliwa 1970, ulikufa 1987, Vijana Jazz walipoingiza kinanda na ngoma za umeme. Aliyezaliwa 1983 au karibu na hapo, wake ulikufa siku alipowasikia wababe wa mistari migumu wakianza kubembeleza wasichana. Waliozaliwa baada ya 2000 wasiwe na haraka. Muziki wao bado unaumwa tu.

Sisi wa mkoa wa Morogoro tuna bahati ya pekee katika fani hii, kwa sababu mji wetu mkuu ulikuwa na bendi mbili kubwa na kila mtu alilazimika kuwa na upande. Kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na kulikuwa na Morogoro Jazz. Salum alifariki 1965 kwa ajali ya gari, Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba. Mwaka huohuo Mbaraka akajiunga na Morogoro Jazz na gitaa lake la solo. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka. Wajapani wakasikiliza, bendi ikarudi, na miaka mitatu baadaye nyota wao akafungasha.

Hapo ndipo pa kuonyesha ufundi wako. Kama uko upande wa Morogoro Jazz, sema Mbaraka aliondoka na gitaa lakini bendi aliiacha. Kama ulimfuata Volcano, sema bendi aliiacha lakini muziki aliondoka nao. Sentensi zote mbili zina uzito uleule, na hakuna hata moja inayoweza kuthibitishwa, kwa hiyo zinakutosha hadi uzeeni. Ukitaka kummaliza mpinzani, mwulize ghafla: "Wewe ulianza na Likembe au Sululu?" Hiyo ni mitindo ya Morogoro Jazz. Akijibu "Masika", ambao ni mtindo wa Super Volcano, umempata. Huyo ni wa juzi. Mwonee huruma mbele ya watu.

Ila kuna shimo moja hapa, na wengi wametumbukia. Usiruhusu mazungumzo yarudi nyuma zaidi ya ujana wako. Ukisema unataka muziki wa asili kama ule wa Cuban Marimba, atatokea babu mmoja mwenye kofia ya kiua kukukumbusha kwamba jina lenyewe la bendi ni la Kuba, na kwamba Salum Abdallah na wenzake walichota rumba kutoka kwenye santuri zilizovuka bahari. Vijana wa wakati ule waliiacha ngoma ya kijijini wakakimbilia gitaa. Ukikimbilia Dar es Salaam kuomba msaada kwa Mlimani Park, wana Sikinde, babu atakungoja hukohuko: sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na Wazaramo hawakuicheza kwa matarumbeta. Mtu akikuzidi umri kwa kiwango hicho hakuna mjadala. Mpe shikamoo yake, kisha hamishia maongezi kwenye bei ya miwa.

Somo la vyombo ni fupi. Kikija chombo kipya, kimeua muziki. Kinanda kiliua, ngoma za umeme zikaua, kompyuta ikaua tena kile kilichokuwa kimeshakufa mara mbili. Vijana Jazz ni mfano mzuri kwa sababu wakati wa kinanda mwimbaji wao Hemed Maneti alikuwa bado yu hai, na shabiki wa kweli aliweza kumnunia akiwa anaona. Maneti alifariki 1990. Tangu hapo ni marufuku kuzisema vibaya nyimbo zile. Sasa zinapigwa Jumapili kwenye vipindi vya zilipendwa, kinanda chake kikiwemo, na wewe unatakiwa kufumba macho na kusema siku hizi hakuna watu wanaopiga vyombo namna hii. Usipate tabu kuoanisha kauli zako. Redio haina kumbukumbu ya uliyoyasema 1987.

Kuhusu wanamuziki wanaohama bendi nisikuchoshe. Mlimani Park ilianza 1978, na mwaka 1985 waimbaji na wapigaji wake kadhaa, Hassani Bitchuka na Muhiddin Maalim wakiwemo, walichukuliwa na International Orchestra Safari Sound, mtindo ukaitwa Ndekule. Bitchuka baadaye alirudi Sikinde. Kanuni: anayehama ni msaliti, anayerudi ni mwana mpotevu, na nderemo za mapokezi ni lazima zizidi matusi ya kuaga.

Wapiga kura wa jimbo la Mikumi tuna somo la ziada ambalo majimbo mengine yanatuonea wivu. Wengine msanii wao akibadili mtindo, anabadili tu mapigo. Wetu alibadili ajira. Mnamjua Professor Jay, Joseph Haule, aliyetoka na kundi la hip hop la Hard Blasters kwenye albamu ya Funga Kazi yenye wimbo Chemsha Bongo. Mwaka 2001 akatoka peke yake na Machozi, Jasho na Damu, na ndani yake kuna Ndiyo Mzee: mgombea jukwaani anamwaga ahadi zisizobebeka, umati unaitikia. Nchi nzima ilicheka. Baadaye akaimba Zali la Mentali na Juma Nature, habari za mapenzi na bahati ya mtu wa kipato cha chini, na shabiki mwenye msimamo alipaswa kusema jamaa kalainika.

Kisha ikafika 2015. Mwimbaji wa Ndiyo Mzee akapanda jukwaani mwenyewe kuomba kura, kwa tiketi ya Chadema, na Mikumi ikamwitikia. Akakaa bungeni hadi uchaguzi wa 2020, kiti kilipokwenda kwa Dennis Londo wa CCM. Sasa mtu anune vipi? Mashabiki wengine wakichukia kanda mpya huirudisha dukani. Sisi malalamiko yetu yalikuwa na barabara ndani yake, na maji, na zahanati, na yaliwasilishwa kwenye mkutano wa hadhara kwa mtu ambaye ulitaka pia akuimbie beti moja kabla hajaondoka. Nimewahi kusikia mtu akimtetea kwa hoja kwamba hakubadilika kabisa, alikuwa mgombea tangu 2001 ila hatukumwelewa. Hoja hiyo ni ya kitapeli lakini naipenda. Kwa maoni yangu wimbo ule ulipanda thamani siku aliyoapishwa: mtu aliandika kejeli kuhusu kazi, halafu akaenda kuiomba kazi yenyewe. Ni wachache wenye ujasiri wa kusikilizwa namna hiyo.

Turudi kwenye mazoezi ya vitendo. Nenda kwenye banda la kurushia nyimbo pale stendi. Utakuta kijana, kompyuta iliyoshiba vumbi, kisoma kadi kilichofungwa kwa raba ili waya usicheze, na bei zimeandikwa kwa maka peni kwenye ubao wa boksi. Mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nirushie Mbaraka."

"Mbaraka yupi, mzee? Huyu wa singeli?"

Usijibu upesi. Tazama barabara kuu ya Iringa, acha lori moja lipite, kisha sema kwa upole kwamba wakati wenu betri za redio zilianikwa juu ya bati ili zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi, na kanda ilirudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic. Kijana ataguna kwa heshima. Hapo una ruhusa ya kuendelea na hoja mbili za lazima: kwamba hawa wa sasa wanabana pua, na kwamba amapiano ni ya Afrika Kusini, siyo yetu. Hoja ya pili itamke haraka, kabla mtu hajauliza rumba ni ya kwa nani.

Akimaliza kukusikiliza atafungua folda iliyoandikwa ZILIPENDWA. Ndani yuko Mbaraka, wote wawili, yule wa Morogoro Jazz na yule wa Volcano, bila ukuta kati yao. Wako Vijana Jazz na kinanda chao. Wako Hard Blasters. Mwulize kwa nini kamweka mtu wa hip hop na wazee wa dansi. Atakwambia nyimbo zilizotoka kabla hajazaliwa anaziweka pamoja, ili asisumbuke kutafuta. Lipa, chukua kadi yako, usibishane naye. Ana wateja wengine.

Limebaki suala gumu kuliko yote: bendi uliyoinunia ikitangaza kuja Mikumi mwisho wa mwezi. Tangaza mapema kwamba huendi. Tangaza kijiweni, tangaza kwenye kilabu, mwambie na shemeji yako, na utumie neno "shabiki maandazi" kwa kila atakayesema anakwenda. Siku yenyewe fika kwa kisingizio cha kumtafuta mtu. Simama nyuma, mikono kifuani, tikisa kichwa kila wimbo mpya unapoanza. Wakipiga wa zamani, hata kama wameuongezea kinanda, mguu wako utaanza kazi bila kukuomba kibali, na kabla ubeti wa pili haujaisha utajikuta mbele unambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Hilo halihesabiki kuwa ni kusamehe. Ila kaa na noti ndogondogo, na kiingilio nunua mapema: waliotangaza hawaji ni wengi, na ukumbi hauna nafasi hiyo.