Steringi Kafa Nyamirambo

Hapa Nyamirambo, Kigali, mtu halazimiki kusoma kitabu ndipo awe na maoni juu yake. Kukiona kunatosha. Kikiwa kinene, atakwambia mwandishi hana kazi ya kufanya. Kikiwa chembamba, atakwambia kaishiwa. Na kikisemekana kina majoka ndani, hata muuza vocha atasogeza kigoda chake, kwa sababu majoka kila mtu ni mtaalamu wake, ingawa hakuna aliyewahi kuliona hata moja likikatiza mitaa yetu ya Mirongo Ine.

Kitabu chenyewe ni A Game of Thrones cha Mmarekani George R. R. Martin. Kilitoka mwaka 1996, na nakala yangu, niliyoinunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara jijini Nairobi, ina kurasa zaidi ya 800 za herufi za kuumiza macho. Wenzangu mtaani hadithi walikuwa wanaijua juujuu kutokana na tamthilia iliyoanza kuonyeshwa 2011. Wengi wao filamu za kigeni wamezoea kuzitazama kwa mtindo wa agasobanuye, yaani msimuliaji anaongea Kinyarwanda juu ya sauti za wenyewe, anaeleza, anatania, anawasema maadui na kuongeza mambo ambayo mwenye filamu hakuyawaza. Kenya wana DJ Afro wao, Uganda wana VJ Jingo, sisi tulikuwa na Yanga, aliyefariki 2022, na nyuma yake wapo akina Rocky Kimomo. Mtu aliyelelewa na wasimuliaji hao hakubali kupewa hadithi kavukavu. Anataka achangie.

Balaa lilianza na mvua ya Aprili. Rwanda mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2008, jambo zuri lililoupendezesha mji, ila mfuko wa karatasi una tabia ya kukata tamaa mapema. Nilikuwa nateremka na kitabu changu, mvua ikashuka, mfuko ukafunguka chini, na kitabu kikaenda moja kwa moja kwenye mtaro. Kilikuwa kinaelekea bondeni kwa mwendo mzuri kuliko nilivyokuwa nakisoma. Aliyekiokoa ni kijana mmoja motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, akakishika kwa vidole viwili, akakitikisa.

"Mwalimu, hiki ni Biblia?"

Nikamwambia ni hadithi ya wafalme na majoka. Akanitazama, akatazama mvua, akanipa kofia ngumu ya abiria. Tukiwa njiani akauliza kama ni yale majoka yanayopandwa na watu. Nikamwambia ndiyo, yule binti Daenerys atakuja kulipanda lake kwenye kitabu cha tano cha mfululizo huo. Akanyamaza mpaka Biryogo, na pale aliposimamisha pikipiki akatoa uamuzi wake: abiria hana kofia, chombo hakina namba, na kinawasha moto hadharani. Trafiki wa Kigali wasingemwacha afike hata mzunguko wa kwanza. Nimesoma uhakiki mwingi wa Martin. Huo ndio pekee ulionifanya nimwonee huruma joka.

Nyumbani kitabu kilikuwa kimevimba mara mbili ya unene wake. Nikakianika kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na kanzu, nikakibana kwa vibanio. Gundi ya vitabu vya aina hiyo haikutengenezwa kwa mvua ya Kigali. Upepo wa jioni ulipopita, bunda la kurasa likachomoka na kuruka ukuta, likatua uani kwa jirani yangu, mama anayeuza sambusa. Kijana wake anasoma sekondari, Kiingereza anakimudu. Sasa katika kurasa zote hizo zaidi ya 800, zilizoruka ni zile ambazo Eddard Stark, mtu mwema, baba wa watoto, mhimili wa hadithi nzima, anakatwa kichwa mbele ya umati.

Mimi nilikuwa bado niko mbali, kwenye kurasa za uwindaji.

Saa moja usiku jirani akabisha hodi. Kajitanda khanga, sauti kaishusha. "Mwalimu, pole na msiba."

Moyo ukanipasuka. Nikauliza nani.

"Yule mzee wako, Edadi. Wamemkata kichwa, maskini. Na bintiye alikuwa hapohapo. Mungu awape subira."

Kabla ya swala ya isha habari zilikuwa zimefika Biryogo, kwenye ile barabara iliyofungiwa magari na kupakwa rangi, ambako watu hukaa nje na chai na nyama choma mpaka usiku. Watu ambao hawajawahi kukigusa kitabu wakawa wananipa pole. Mmoja aliniuliza mazishi ni lini.

Aliyekataa katakata ni kinyozi. Chumba chake kina viti viwili, kioo chenye ufa na bango la Rayon Sports, na hapo ndipo mambo makubwa ya mtaa huamuliwa. Alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, kimenyolewa upande mmoja, na kazi ikasimama.

"Mwalimu, wewe umesoma, lakini filamu huzijui. Steringi hafi. Steringi anapigwa, anafungwa kamba, anatupwa mtoni, mkewe anatekwa. Kufa, hapana."

"Kimeandikwa kwenye kitabu."

"Arnold Schwarzenegger kwenye Commando kashambuliwa na jeshi zima kisiwani. Alikufa?"

Ikabidi nikubali kwamba hakufa.

"Basi. Huyo waliyemkata kichwa ni pacha wake."

Mwenye kichwa kilichonyolewa nusu akasema huenda kweli, maana naye aliwahi kuona filamu ya Kihindi yenye pacha. Hoja ikapata nguvu. Nilipowaambia kwamba ufundi wa Martin uko hapohapo, kwamba anakupa mtu wa kumtegemea kisha anamwondoa ili usijue tena nani yuko salama, kinyozi akaniuliza kwa upole wa daktari: "Na wewe uliyelipia, unapata faida gani?"

Jibu zuri sikuwa nalo. Naendelea kuamini kwamba kifo kile ndicho kinachokifanya kitabu kiwe kitabu, lakini nimeona kwamba ni rahisi zaidi kukiamini ukiwa peke yako chumbani.

Kisha akaingia karani mstaafu. Huyu ni mtu wa shule za zamani, Kifaransa chake kimepigwa pasi, na kizazi chetu cha Kiingereza anakihurumia waziwazi. Alikuwa amekisoma kitabu chote, akasema, kwa Kifaransa, Le Trône de fer, kuanzia jalada mpaka jalada, na anaapa kwamba Eddard Stark yu hai. Ana matatizo, ndiyo, mji umejaa wanafiki, lakini kichwa kipo mahali pake.

Kinyozi akapiga makofi. "Mwaona! Mzee kasoma!"

Siku iliyofuata karani akaleta kitabu chake, nami nikaleta changu, au kilichobaki. Tukaviweka juu ya meza, kati ya spiriti na chupa ya poda, tukaanza kulinganisha, huku wateja wamejipanga mlangoni na hakuna aliyekuja kunyolewa. Chake kilikuwa chembamba. Tukafuata sura moja baada ya nyingine, mimi kwa Kiingereza, yeye kwa Kifaransa, kijana wa sambusa akiwatafsiria waliobaki, mpaka chake kikaisha. Changu kilikuwa kimebaki karibu nusu.

Wafaransa, kumbe, walipokitafsiri walikipasua mara mbili. Nusu ya kwanza wakaiita Le Trône de fer, nusu ya pili wakaiita Le Donjon rouge, na kifo kimo katika hiyo ya pili. Karani akavua miwani. Nimemwona mtu huyu akipokea habari za kustaafu, za kuugua na za bei ya mafuta ya kupikia, lakini sikuwahi kumwona amenywea hivyo. Kaishi miaka yote hiyo na nusu ya hadithi, kwa amani kabisa.

"Afadhali chao," kinyozi akasema. "Wafaransa walijua pa kuishia."

Katika mjadala huo, anayenishangaza zaidi ni jirani yangu wa sambusa, ambaye anasomewa kitabu changu na mwanawe jioni wakati anakunja unga. Wahakiki wengi humsifu Martin kwa jinsi anavyoeleza vyakula kwenye karamu, na mwaka 2012 kilitoka hata kitabu cha mapishi kinachotokana na hadithi zake. Mama hakuvutiwa. Karamu zote hizo, akasema, na hakuna hata mmoja aliyenawishwa mikono. Walipofika pale ambapo Mfalme Robert anapasuliwa tumbo na nguruwe mwitu, kisha kitandani anaagiza nguruwe huyohuyo aliwe kwenye karamu ya mazishi yake, alimwambia mwanawe asimame kidogo. Akaniita dirishani.

"Mwalimu, mfalme kauawa na nguruwe, halafu wafiwa wanalishwa nguruwe?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Hawana ndugu wa kuwashauri hao."

Ndoa ya Daenerys nayo ilimkera. Kaka mtu anamwoza dada yake kwa Khal Drogo ili yeye apewe jeshi. Mume wa jirani, Mnyarwanda wa Nyanza anayejua ng'ombe kuliko watu, alitaka kujua walitolewa wangapi. Hakuna. Farasi tu, tena wengi. Akatikisa kichwa akasema ndoa isiyo na ng'ombe haiwezi kutulia, na kwa kweli haikutulia. Ilipofika zawadi ya mayai matatu ya joka, yaliyokaa karne na karne mpaka yakageuka mawe, mama akacheka mpaka akaacha kukunja. "Bibi harusi kapewa mayai viza!"

Baadaye mayai viza yakaanguliwa, na hapo ndipo ugomvi ulipokuwa mkubwa kuliko wa Eddard. Mtu anaambiwa kuna majoka. Anavumilia majina mia, baridi, ukuta wa barafu, harusi, mazishi, kisha majoka yenyewe yanazaliwa katika sura ya mwisho kabisa, madogo, yananing'inia mwilini mwa binti, halafu kitabu kinakwisha. Kinyozi aliita hiyo wizi. Haji mmoja, mnywaji mkubwa wa chai, ambaye bibi yake alitoka Ujiji, alisema yeye hashangai, Wazungu majoka wameyajua jana.

Akatukumbusha kisa cha Sultani Darai. Hicho ni kisa cha huku kwetu, Askofu Edward Steere alikikusanya Zanzibar na kukichapisha London mwaka 1870, lakini Haji alikipata kwa bibi yake, hajali London. Ndani yake kuna paa, mnyama wa maskini mmoja, anayeingia kwenye nyumba ya joka lenye vichwa saba na kuvifyeka kwa upanga kimoja baada ya kingine, kisha anampa bwana wake nyumba, na bwana mwenyewe wala hana shukrani.

"Vichwa saba," Haji akasema, "na muuaji ni paa. Jioni moja, watoto wamelala. Huyu wenu ana majoka matatu, kichwa kimojakimoja, na vitabu vitano havijamtosha!"

Hapo nilijaribu kumtetea Martin, nikashindwa, kwa sababu kuhusu vitabu vitano Haji kasema kweli. Cha tano, A Dance with Dragons, kilitoka 2011, na cha sita wasomaji wanakingoja mpaka leo. Mtaani kwetu hilo halihitaji maelezo marefu: Martin ni fundi cherehani. Kitambaa chako kapokea, vipimo kachukua, kila ukipita anakwambia njoo Ijumaa, na ukichungulia ndani unamkuta anashona nguo ya mtu mwingine. Mwaka 2018 alitoa kitabu kinene cha historia ya mababu wa Daenerys, yaani bibi harusi yuko uchi na fundi anamshonea nyanya yake. Wenye tamthilia walichoka kungoja, wakaimalizia wenyewe 2019, na jinsi ilivyomalizwa watu wananuna bado. Binafsi namngojea fundi. Nimeshawahi kungoja suruali ya Idi ya mfungo ikaja Idi ya kuchinja, ikanikaa vizuri.

Kitabu cha pili, A Clash of Kings cha 1998, kililetwa na mwanafunzi wangu wa zamani aliyetoka Kampala, safari hii kwenye mfuko wa kitambaa. Habari zilinitangulia. Nilipofika kwa kinyozi wote walikuwapo, na kila mmoja ana sababu kwa nini aanze yeye: kijana wa sambusa kwa kuwa ndiye msomaji wa umma, motari kwa kuwa ndiye aliyeokoa cha kwanza, kinyozi kwa kuwa anamtafuta pacha wa Eddard. Ni karani mstaafu aliyesuluhisha. Alisema tuwaige Wafaransa.

Sikumwelewa mpaka nilipoona kinyozi anatia wembe mpya. Alikilaza kitabu kifudifudi, akapapasa uti wake kama anayepima kisogo, akakata mara mbili, safi, bila kuharibu hata herufi. Kipande cha kwanza kikaenda kwa mama wa sambusa. Cha mwisho, chenye vita vya majini, alikibakisha mwenyewe, kwa hoja kwamba wembe ni wake. Mimi mwenye kitabu nimepewa cha katikati. Kinaanzia nusu ya sentensi, na mtu anayeongea simjui.