Shangazi wa Jikoni Anajibu: Biskuti Zimegoma Kushikana

*Shangazi, nimempangisha chumba mgeni aliyekuja kwa shughuli za nikeli ya Kabanga. Kaniambia hali gluteni. Nikadhani ni mnyama, nikamhakikishia hatumfugi. Jumapili nataka kumwokea biskuti. — Mama Mwenye Nyumba, Ngara Mjini*

Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike kama mpira. Kuna watu, yapata mmoja katika kila mia duniani, ambao wakiila mwili hugeuka kuushambulia utumbo wake wenyewe. Daktari Mholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa akiushuku mkate tangu zamani. Njaa ya 1944–45 ilipoikumba Uholanzi na mkate ukaadimika, wagonjwa wake wadogo wakapata nafuu. Nchi nzima inakonda, wao wananawiri!

Mgeni wako amefika penyewe: muhogo, mahindi, mtama na ulezi havina gluteni. Kitakachomponza ni kile kibao chako cha kusukumia chapati, pamoja na chekeche la unga wa ngano. Viweke kando. Finyanga biskuti kwa mikono, kwenye sinia safi.

*Shangazi, nimeoka za muhogo. Ukizishika zinamwagika kama mchanga. Madereva wa malori wananicheka. Mmoja kaomba kijiko. — Nimeaibika, Nyakanazi*

Dereva ana haki ya kijiko. Ngano ina gundi yake, muhogo lazima uuazimie. Chukua vikombe viwili vya unga wa muhogo, nusu kikombe cha karanga zilizosagwa, robo kikombe cha sukari, robo ya mafuta, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda na chumvi kidogo. Gundi ni yai moja na ndizi iliyoiva mpaka ganda likatoka madoa meusi, ile ambayo watoto wameikataa. Kanda, kisha funika nusu saa unga unywe maji. Nina hakika hapo ndipo uliporuka.

Unga nao uuangalie. Ule wa muhogo wa kuvundikwa naupenda kwenye ugali, lakini ndani ya biskuti harufu yake inagombana na sukari. Tafuta wa muhogo mtamu uliomenywa na kuanikwa. Muhogo mchungu usiuguse kama haujalowekwa ukaanikwa vizuri, una sumu.

Huna oveni? Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, weka sinia ndogo juu yake, funika, palia makaa juu ya mfuniko. Ya juu yawe mengi, ya chini machache. Zikishageuka rangi pembeni, epua na uondoke jikoni kabisa, maana zikiwa za moto bado ni laini na vidole vyako navijua. Zikipoa zinakaza.

*Shangazi, mama mkwe anasema kumpa mgeni biskuti ya muhogo ni kumtangazia kwamba tumefilisika. — Mkaza Mwana, Biharamulo*

Usibishane na mama mkwe. Zipange saba tu kwenye sahani kubwa, useme ni "biskuti zisizo na gluteni". Ulaya kitu chenye jina hilo huuzwa ghali kuliko cha ngano. Akiuliza zimetengenezwa kwa nini, mmiminie chai.

*Shangazi, nimesoma kwenye simu kwamba gluteni inanenepesha. Tangu Jumatatu nimeacha chapati. Bia inaruhusiwa? — Mwenye Nia, Rusumo*

Bia nyingi ni za shayiri, na shayiri imo kwenye ukoo uleule. Kwa hiyo wewe hujaacha kitu, umehama meza tu. Pombe ya ndizi iliyotiwa mtama ingekusitiri, ingawa kuhusu kitambi sikuahidi.

Lakini kama tumbo linakusumbua kweli, rudi kwenye chapati kwanza, ndipo uende kwa daktari. Kipimo cha damu hutafuta alama ambazo mwili huzitoa wakati unakula ngano. Ukishaiacha kwa muda, kinaweza kukuita mzima na huku unaumwa. Ni mara chache mtu huagizwa kula chapati kwa sababu za kitabibu. Chukua mbili.