Inatibu Nini Hiyo?

Mtaani kwetu, hapa Arusha, mmea una njia mbili tu za kujipatia heshima: uliwe au utibu. Mgomba hauulizwi maswali, na mwarobaini nusura uamkiwe shikamoo. Lakini ukipanda kitu cha kutazama tu, majirani wanaanza kuulizana chinichini kama kazini bado unakwenda.

Mimi nimepanda salvia, ile ya Mexico, yenye mashina ya pembe nne na mikia ya zambarau iliyo laini ukiishika. Muuza miche wa pembeni ya barabara aliniuzia kwa jina la lavenda, tena akaapa. (Ndugu hawa huita lavenda chochote cha zambarau kisichokuwa biringanya.) Ukoo, hata hivyo, hakuukosea: lavenda, salvia, mrehani na mnanaa wote ni familia moja. Na ile zambarau inayosifiwa wala si ua. Ni kikombe cha nje kinachoshikilia ua. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, linachungulia tu mlangoni.

Mzee mmoja wa mtaa alipopita kusalimia, akasimama mbele yake, mikono nyuma. Nikaona nimepata msikilizaji. Nikamweleza kwamba maua ya salvia nyingi yana mtambo wake: stameni mbili zimewekwa kama pembea ya watoto, nyuki akisukuma upande mmoja kwa kichwa akitafuta nekta, upande wa pili unainama na kumpaka chavua mgongoni, naye anaondoka na mzigo wa watu bila kujua wala kulipwa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akakohoa.

"Sawa kabisa, mwanangu. Sasa, inatibu nini hiyo?"

Krismasi tukaenda Moshi, kama inavyotakiwa, tukamwachia jirani ufunguo wa geti alishe kuku. Jirani yetu ni mstaafu, mpole, na ana huruma isiyo na mipaka. Aliiona salvia imesimama juani kwenye udongo mkavu, roho ikamuuma. Akaimwagilia ndoo asubuhi na ndoo jioni, na kwa kuwa samadi ya kuku ilikuwa pale pale, akaijaza shinani. Salvia inapenda jua la kutwa, udongo usiotuamisha maji, na kiu kidogo kati ya kinywaji kimoja na kingine. Tuliporudi tulikuta majani mapana yanang'aa, mashina marefu yamelala chini, ua hata moja hakuna, na huku chini panaanza kunuka uozo.

"Umeona ilivyonenepa?" akaniuliza, uso umechangamka.

Mtu aliyebeba maji kwa ajili yako siku zote hizo utamwambia nini? Nikamshukuru, nikampa na mkungu wa ndizi.

Januari akaja kijana wa kufyeka nyasi. Nilikuwa ndani natafuta chenji. Kutoka, ananisubiri anajifuta jasho: "Mzee, na lile pori nimekufyekea, hilo halina hela ya ziada." Imebaki visiki vya kimo cha sabuni ya mche. Sasa ajabu ni kwamba wakulima wa salvia hii, baada ya maua kwisha, huikata hivyo hivyo karibu na ardhi. Huruma ya mstaafu nusura iiue, fyekeo likaifufua. Mashina mapya yakatoka chini, mengi kuliko ya mwanzo. Kwao huchanua siku zinapofupika. Huku karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, kwa hiyo ya kwangu inachanua inavyojisikia. Chozi nao wakaanza kuja na midomo yao iliyopinda, hawaulizi chochote.

Halafu mama mkwe akaja kututembelea. Mke wangu, kwa kuipigia debe, akamwambia kwamba hata chia, zile mbegu ghali za supamaketi, ni ukoo wa salvia. Ni kweli: ni Salvia hispanica. Lakini kule ni mbegu, tena za mmea mwingine. Mama hakungoja sehemu hiyo. Jioni nikaletewa kikombe cha majani yaliyochemshwa, machungu, ya kijani kibichi.

"Kunywa, Baba Neema. Ya presha."

Mkwe hapingwi. Nikanywa. Jumamosi akatangaza kwenye jumuiya, na kufikia Jumapili mchana akina mama walikuwa bustanini na mifuko, wakichuma kwa ajili ya presha, sukari na magoti, huku wakinipongeza kwamba hatimaye nimepanda kitu cha maana.

Matawi machache yamesalia. Ukihitaji kipandikizi, njoo mapema: chukua kitawi kichanga cha urefu wa kiganja, kata chini kidogo ya fundo, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevunyevu kivulini mpaka kishike mizizi, ndipo ukihamishie juani. Samadi peleka kwenye mgomba. Na ukisafiri, ufunguo wa geti mpe jirani asiyependa maua.