Mwaka Gani, Kaka?

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasalimu.

"Milele amina. Kadi ya zaka?"

Karani wa parokia hakuinua hata macho. Nyuma yangu benchi zima la wachumba likaacha kunong'ona lisikie jibu. Nikasema zaka nalipa Dar. Parokia gani? Nikataja. Jumuiya gani? Hapo ulimi ukagoma. Benchi likacheka, na binti mmoja akasema "maskini" kwa sauti, jambo linalouma kuliko kicheko.

Nilikuwa namtafuta Yohana, babu wa baba yangu, katika daftari la ubatizo la parokia moja wilayani Muleba. "Alibatizwa mwaka gani, kaka?" Mwaka ndio nilioufuata. "Msimamizi wake nani?" Huyo naye nilimfuata hukohuko. Karani akanieleza, kwa upole wa anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza, kwamba asiye na mwaka alete namba, na asiye na namba alete mwaka.

Nikakaa kumsubiri paroko, na benchini nikapata elimu. Wachumba wale walikuwa na vyeti vya ubatizo tangu utotoni, lakini kwa ndoa vile havifai: hutakiwa kipya, kwa kawaida kisichozidi miezi sita. Siri iko ukingoni mwa daftari. Ukibatizwa unapata mstari mmoja, na ukingo wake unakusubiri maisha yako yote. Ukipata kipaimara, kinaandikwa hapo. Ukifunga ndoa Mwanza, paroko wa Mwanza anatakiwa kuiarifu parokia iliyokubatiza, nayo inaandika. Bwana harusi mwenye mke mwingine anaweza kumdanganya mchumba, wakwe na mshenga, ukingo utamwumbua. Kardinali Rugambwa, aliyebatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake, sheria inadai ukingoni mwake daraja takatifu. Kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika, mwaka 1960, sheria haikudai kuandikwe.

Paroko alipofika akanifungulia. Kilatini kitupu, wino wa kahawia, na akina Yohana wamejaa kurasa. Yohana baada ya Yohana, bila ukoo, bila mzio (mwiko wa ukoo), bila jina alilopewa na baba yake. Yupi wangu?

Parokia nyingine karani alikuwa msibani. Nyingine mvua ilifika kabla yangu, na bodaboda ikabaki topeni.

Waingereza walianza mapema kuweka madaftari kama haya. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko kila wiki, na daftari lifungiwe katika sanduku la kufuli mbili. Kuanzia 1598 nakala zikawa zinapelekwa kwa askofu kila mwaka. Leo Mwingereza anafungua intaneti akiwa na nguo za kulalia, anamkuta babu wa karne ya kumi na sita, na hakuna anayemwuliza jumuiya.

Kwetu Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, nao kwa kanuni ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, walimfundisha mtu mzima miaka minne kabla ya kumbatiza. Miaka minne! Mtu anaacha kibanja chake, anakariri katekisimu, anahojiwa, halafu anaandikwa Yohana tu. Hapo sicheki. Kule Kamachumu mzee mmoja wa ukoo wetu alinitajia baba, babu na baba zao, pamoja na mzio na kibanja cha kila mmoja, bila kupepesa macho. Maneno yake hayana mhuri, kwa hiyo ofisini si kitu. Daftari lenye mhuri, nalo, halimjui babu yangu kwa jina ambalo mama yake alimwitia chakula.

Kwa hiyo, msomaji, kama una mzee, Ta au Ma, aliye hai Ihangiro, Kiziba au Bugabo, nenda Krismasi hii na daftari lako mwenyewe. Andika jina la nyumbani, ukoo, mzio, kigango, msimamizi na mwaka. Na kabla ya kupanda basi, jua jumuiya yako.