Hongera, Fundi

Hongera, fundi wa mara ya kwanza: baiskeli yako sasa ina injini, na bado unaisukuma. Imegoma kuwaka, nawe umeshailaani plagi, petroli na aliyekuuzia. Koki ya mafuta umeifungua? Oili umeichanganya kwenye petroli? Injini ya mipigo miwili hailainishwi kwa dua. Mnyororo nao unachomoka kwa kuwa sproketi umeifunga kwenye spoki ikakaa upande, wala si kijicho cha jirani. Na hizo cc 80 unazotambia mtaa mzima: silinda ya milimita 47, pistoni ikitembea 38, hazifiki 66. Breki umeacha zilezile za baiskeli. Hapo sikulaumu, kwa mwendo huu, za nini?